Ati Mimi Kibiongo

Ikhlas, wacha chochote unachofanya usome hii.

Leo mazoezini alikuja daktari wa mifupa kutoka Hola kutupima migongo sisi wa kurusha mkuki. Akaniambia niiname, mikono ining'inie. Akapitisha kidole kwenye uti wa mgongo, akakirudisha tena juu.

"Maurine, umepinda kidogo. Unarusha kwa mkono wa kulia peke yake tangu lini?"

Tangu darasa la sita!

Sasa sikia. Kochi Zadock akaropoka mbele ya timu nzima: "Basi huyu atoke. Sipeleki kibiongo kwenye mashindano ya Mombasa mimi."

Kibiongo! Ikhlas, kibiongo!

Wenzangu wakacheka. Uso uliniwaka, nikatamani kutoroka, lakini sikutoroka. Nikamwambia, "Kochi, nimepindia kwenye mazoezi yako. Miaka mitano hujaniambia nizoeze upande wa kushoto hata siku moja."



Daktari akasema hilo si jambo la kuniachisha mchezo. Mkono wa kulia niupumzishe wiki sita, nifanye mazoezi ya kunyoosha mgongo pande zote mbili, kisha anipime tena. Kochi akaanza kutafuta filimbi, na iko shingoni mwake!

Nikaokota mkuki, nikarusha kwa kushoto. Ukaanguka hapo hapo mbele yangu. Wakacheka tena. Nikaufuata, nikarusha tena. Na tena. Mpaka wakachoka kucheka.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi niko uwanjani. Akitaka nitoke, aje aning'oe.