Bastola Iliyolala

Wanda uko wapi?? Pokea simu! Huyu mume wangu Thurman leo kaniua. Kicheko bado kinanibana.

Si unajua mama anataka kuhamia kwetu, ila kaapa haingii kwenye nyumba yenye bastola? Basi Thurman akampeleka klabuni, kwenye uwanja wa shabaha, amwonyeshe kwamba ile Makarov yake kuukuu ya jeshi la Bulgaria haina neno.

Akaijaza, akaielekeza kwenye tuta la kuzuia risasi. Mama kasimama nyuma yake, mkoba kwapani.

“Mama, tazama kidude hiki cha usalama. Ukikishusha, bastola imelala. Hata nikivuta triga, haikohoi.”

Akakishusha. Akavuta.

PAAA!!!

Yaani PAAA, Wanda! Kofia ya Thurman aliyoisahau kwenye mlingoti wa shabaha ikaruka kama kuku.

Kumbe ile bastola ya Walther ya babu yake, aliyoizoea tangu utotoni, ndiyo ukishusha inalala. Makarov ni kinyume: kidude juu imelala, chini iko tayari. Na ukishusha kinajitokeza kidoa chekundu cha kukuonya! Chekundu, Wanda! Mtu mwenyewe ndiye anayefundisha wageni pale klabuni!

Thurman mdomo wazi. “Mama... ilikuwa imelala.”

Mama akavua viziba masikio, taratibu, akaviweka mezani.

“Mkwe wangu, kama hiyo imelala, ikiamka inakuwaje?”