Msaragambo wa Damu

Jumatatu, 10 Machi 2025

Nimeiacha shajara tangu Krismasi, na ninaomba radhi, ijapokuwa hapa hakuna wa kuniradhia ila mimi. Asteria, mke wa mwanangu Loth, ni mjamzito. Mimba mbili zilizotangulia zilitoka. Niliogopa kuiandika hii.

Tumbo lilikua upesi mno. Kijiji chetu kizima cha Bombo kikasema: mapacha! Mke wangu Fortunata akafuma kofia mbili. Leo, huku hospitalini Same, amepigwa ultrasaundi. Mtoto ni mmoja. Kilichobaki ni uvimbe — fibroidi — umekaa chini ya kichwa cha mtoto na kuziba njia. Itabidi apasuliwe.

Jumatano, 12 Machi 2025

Daktari anataka damu iwekwe tayari. Upasuaji wa namna hii huvuja sana. Loth alipiga simu nyumbani. Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kama ule wa kuzibua mfereji! Asubuhi wameshuka, basi zima. Wote hawajala tangu jana, wakidhani damu hutolewa tumbo likiwa tupu. Muuguzi akakataa kuwachoma, akamwambia mzee aliyetangulia foleni:

“Mzee Elinaza, kanywe chai kwanza.”

“Nimeshuka mlima wote na njaa yangu, mama, halafu unanirudisha kwenye chapati?”

Asteria alicheka alipohadithiwa. Kisha akalia, akajifunika shuka.

Ijumaa, 14 Machi 2025

Damu ipo. Sasa ni jambo jingine. Daktari amesema waziwazi: damu isiposimama, atakitoa kizazi. Anataka ridhaa kabla ya kuanza.

Loth ni mwanangu wa pekee. Alinitazama mimi. Nikamwambia asinitazame, amuulize mkewe.

“Shikamoo, baba,” Asteria akasema, kana kwamba ndiyo kwanza naingia.

“Marahaba, mwanangu.”

“Wakikitoa, na huyu naye asipone, nitabaki na nini?”

Nikasema: “Utabaki wewe.”

Akageukia ukutani. Fortunata akanishika mkono: “Baba Loth, hebu toka nje.”

Saa tisa uchungu umeanza, kabla ya siku yake. Nipo kwenye benchi, nje ya wodi. Daktari amepita mara ya pili kuulizia ridhaa. Namsikia Loth akisema, akisema tena. Asteria simsikii.

Atakapotamka yeye mwenyewe, liwe lolote, nitaliandika hapa.