Sukari ya Kadi

Kaisho,
Karagwe.
11 Oktoba 1992

Mpendwa mdogo wangu Fidele,

Pokea salamu za nyumbani, ambako siku hizi nyumbani ni mimi na kuku. Kifua kimeacha kukusumbua? Wifi Mukakalisa na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila magoti yananuna kila mvua ikinyesha, na mwezi huu haikatiki.

Tangu nistaafu usafi wa zahanati, na mume wangu, marehemu Sebahire, kutangulia, hakuna anayebisha hodi. Naweza kumaliza wiki sijaitwa jina langu. Sikufichi, upweke unanitesa.

Sasa jambo lenyewe. Zubeiri mwenye duka anatupa wastaafu kadi, kipande cha boksi la sabuni chenye jina lako. Unachukua kitu, anatia alama, utalipa pensheni ikija. Pensheni hufuatwa Bukoba, na mara nyingi unarudi mikono mitupu. Mzee Polikarpi alianza kadi kwa viberiti akaishia kwenye redio. Leo kahawa yake yote imekwenda butura, yaani imeuzwa ingali maua, kwa bei aitakayo mnunuzi.

Mimi nilichukua sukari. Usicheke, najua unakumbuka chai nainywa bila sukari. Lakini ukifika pale, Mwaja mkewe Zubeiri anakusogezea kigoda. "Shikamoo mama Anonciata. Jana hukupita, tukaingiwa na wasiwasi." Kwa neno hilo ningechukua hata misumari. Basi sukari juu ya sukari, hadi sanduku la marehemu likajaa.

Juzi Zubeiri alikuja kuitazama mibuni ya nyuma ya nyumba, ile uliyopanda na baba. Akaniomba kwa upole nimpe butura, kadi tuifute. Niliogopa sana. Mibuni hiyo ni yako, na sijui kingine cha kukurudisha huku.

Jana nikajitwika sukari yote, karatasi hazijafunguliwa, nikamrudishia. Akazihesabu karatasi, kisha akaichana kadi. Mibuni yako imebaki, imechanua nyeupe tupu. Njoo uichume mwenyewe.

Msalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao angali hai. Mungu awafunike huko mliko.

Leo sijatoka. Nimevaa tangu asubuhi, ila sina tena kadi, na sijui niende dukani kutafuta nini.

Dada yako akupendaye,
Anonciata