Pale Santuri ya Baba Inaporuka

Leimatu'a,
Vava'u,
Tonga.
12 Agosti 1989

Mpendwa Shangazi Losaline,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Auckland haijakukaa magotini kama ulivyolalamika mwezi uliopita. Je, yale mafuta ya nazi niliyokutumia yalifika, au yaliganda njiani? Yakiwa yameganda usiyatupe, yaweke juani, kama huko jua lenyewe lipo.

Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo lakini nguvu za kunigombeza bado anazo, kwa hiyo sina wasiwasi. Mume wangu Maka anashinda shambani, vanila imeanza kutoa maua na kila asubuhi anayachavusha kwa mkono, moja moja, akirudi kiuno kimekufa. Lupe ametimiza miaka minne na hakuna asilolijua. Mdogo wake Sioeli anaota meno. Halali, nami silali. Ukiona mwandiko umepinda ujue mkono mmoja unaandika, mwingine umembeba.

Barua yako ya Julai niliipata. Uliandika mstari mmoja tu wa maana: santuri zote za kaka yako nikutumie, na nisibakize hata moja. Niliusoma nimesimama, kisha nikakaa.

Nitakuambia kweli, maana wewe ndiye uliyenichapa kwa uongo nikiwa mdogo. Nilikasirika. Tulipomzika Baba mwezi wa Mei, mikeka mizuri ya msiba ilikuwa haki yako, tukakupelekea. Nguo za magome zilikuwa haki yako, tukakupelekea. Dada wa baba hanyimwi, nimekua nikilijua hilo. Lakini santuri? Nikamwambia Mama, "Anazitaka za nini, kwani zamani alikuwa anazisikiliza?"

Mama alikuwa anamenya viazi vikuu. Hata hakuinua uso.

"Angezisikiliza vipi?" akasema. "Nyimbo za mapenzi, na kaka yake amekaa pale? Wewe umezaliwa Tonga au umeokotwa? Baba yako akishika santuri tu, Losaline anashika ufagio anatoka. Uwanja wa nyumba hii ulikuwa unafagiwa mara nne kwa siku. Huyo shangazi yako hajasikia hata wimbo mmoja ukafika mwisho."

Shangazi, nilichukua kisu nikamsaidia kumenya. Mimi na kaka yangu Feleti pia hatukai chumba kimoja redio ikianza mambo hayo, lakini sikuwahi kukufikiria wewe kama dada wa mtu. Nilikufikiria kama shangazi tu, mwenye kupewa. Hasira ikaniisha pale pale kwenye maganda ya viazi.

Basi nikaamua nitakutumia, ila kwanza nitazisikiliza zote, ili niweze kukuambia unachopokea. Na mimi pia nilikuwa sizijui. Mtoto hagusi kichwa cha baba yake, hali alichobakiza, hagusi vitu vyake. Miaka yote nilizisikia kupitia ukutani tu. Siku nilipofungua lile sanduku nilinawa mikono mara mbili kama ninayekwenda kupokea mtoto mchanga. Zimo ishirini na sita, na zote zinanukia vanila, kwa sababu sanduku lenyewe lilikuwa la vanila. Alinunua moja katika kila bandari, ile miaka tisa aliyofanya kazi melini. Ukizinusa utajua zimetoka kwetu.

Nilikuwa nasikiliza mchana, watoto wakilala, au wasipolala pia.

Nilianza na ile ya gitaa la Hawaii, yenye wasichana wawili na maua. Ni tamu, siwezi kukataa. Lakini ni utamu wa kulamba jamu ya nanasi kwa kijiko. Vijiko viwili unafurahi, cha tatu unataka maji.

Halafu kuna ya mtu mnene mwenye ndevu, anaimba kwa lugha ambayo hata mchungaji wetu haijui. Alipopandisha sauti mara ya kwanza, Lupe alikuja mbio kutoka nje. "Mama, nani amemkanyaga?" Tulicheka sana. Lakini niliirudia siku ya pili, na ya tatu, na siku hiyo ya tatu nilijikuta nalia huku nakunja nepi, bila kujua huyo bwana amefiwa na nani. Iweke siku ambayo huna wageni.

Ile ya tarumbeta, yenye jalada la buluu, upande wa kwanza ulinichosha. Ni kama jikoni kwenye msiba, kila mwanamke anatoa amri na hakuna anayechota maji. Nilitaka kuizima. Mama akasema, "Geuza, upande wa pili nimewahi kuupenda." Nikageuza. Shangazi, upande wa pili ni mtu aliyekwisha kulaza watoto, amekaa kizingitini, na hataki kuulizwa kitu. Mimi namjua mtu huyo.

Piano peke yake nimeshindwa kuielewa. Inaniletea picha ya mtu anayetafuta kitu ndani ya kabati bila kutaka kuamsha watu. Labda wewe utajua anatafuta nini.

Ya rege Maka amenisihi niisahau chini ya kitanda. Nimekataa. Lakini nimefulia nguo kwa santuri hiyo wiki nzima, maana mdundo wake unachelewa kidogo, unaangukia pale pale mkono unapokamua. Na ya yule mwimbaji wa kofia pana anayemwimbia farasi wake, wanaume wa kikundi cha kava, wanaokunywa mizizi iliyokamuliwa huku wakiimba, wote wanaijua. Mzee Uiliame, mmoja wao, aliisikia akipita njiani akasimama kwenye ua akifuta macho. Nikamuuliza, "Mzee, wewe una nguruwe tu, farasi wa watu unamlilia nini?" Akasema, "Binti, ukiwa na moyo huhitaji farasi."

Na kuna ya mwanamke mweusi wa Amerika mwenye kilemba chekundu. Hiyo itunze. Anamwambia mume wake maneno yote niliyoshindwa kuyasema miaka sita. Juzi Maka alichelewa kurudi, chakula kikapoa, nikaiweka na kuongeza sauti. Akaingia, akasimama, akasikiliza.

"Huo wimbo ni wangu?"

"Nani amekutaja?"

"Naona sahani haina kitu."

"Sahani na wimbo vinaelewana."

Alikwenda mwenyewe kupasha chakula. Kwa hiyo nakutumia, lakini kwa uchungu.

Niliweka kalamu chini kidogo, mtoto alikuwa analia. Sasa amenyamaza, na nitakuambia amenyamazishwa na nini, maana ndilo jambo langu la barua hii.

Ni ile ya nyimbo zetu wenyewe, wanaume watano na ukulele, kile kigitaa kidogo, iliyorekodiwa Nuku'alofa. Haina jalada. Mama aliishonea mfuko wa kaliko. Ndani yake kuna ule wimbo wa kijana anayemwambia msichana atarudi na meli ya mashariki, amtungie shada la maua. Sioeli akilia kwa meno, hakuna dawa nyingine. Unapoanza, anashika sikio lake na kutulia. Ukifika mstari wa tatu sindano inaruka, tik, inaangukia mbele kwenye kiitikio. Naye anatikisika kidogo pale pale, kama anayejua.

Shangazi, ule mkwaruzo ni wa mkono wangu.

Nilikuwa na miaka saba, wewe ulikuwa umeondoka mwaka mmoja kabla. Baba alikuwa shambani, Mama amekwenda kuchuna magome ya mti wa kutengenezea nguo. Nikapanda kigoda, nikainua sindano ya baba yangu. Nilitaka tu kuona wale wanaume wanakaa wapi humo ndani. Mkono uliteleza. Niliisikia ile sauti, krrr, nikashuka nikakimbilia kwenye migomba, nikakaa huko hadi njaa ikanitoa.

Nilingoja kuchapwa. Siku ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Baba alinipa samaki wangu, akaniuliza habari za shule. Ijumaa ikafika, kikundi cha kava kikakusanyika kwetu, wakaimba wimbo ule ule, nami niko nyuma ya ukuta nimebandika sikio. Walipofika mstari wa tatu, wanaume wote kumi na wawili wakaruka. Kwa pamoja, bila kusita. Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, kumbe wimbo uko hivyo, kumbe sikuharibu kitu.

Nimekua nikiuimba hivyo. Kijiji kizima kinauimba hivyo. Kwenye harusi yangu uliimbwa hivyo. Mpaka mwaka juzi, nilikuwa nakuna nazi, redio ya Nuku'alofa wakaupiga, na pale mstari wa tatu wakaendelea na maneno ambayo sijawahi kuyasikia. Nikapiga kelele, "Wamekosea!" Mama alicheka hadi akashika mbavu, akakataa kuniambia. Nikaenda kwa Mzee Uiliame.

"Wewe binti," akasema, "leo ndiyo umejua? Baba yako alitukusanya Ijumaa ile, kabla hatujaja kwenu kukamua kava. Akasema, 'Jamani, kuanzia leo tunaruka pale. Asiyeweza kuruka akanywe kava kwao.' Kila mtu alijua kuna mkono mdogo umepita pale. Nani angeuliza?"

Wanaume kumi na wawili, Shangazi. Walikaa wakafanya mazoezi ya kosa langu ili masikio yangu yasinisute. Na kwa desturi yetu Baba angeweza kunichapa, na hakuna ambaye angesema neno, kwa sababu niligusa kitu cha baba.

Sikumshukuru. Nilitaka. Nilijiambia nitamwambia Krismasi, nikaona haya. Nikajiambia mtoto akizaliwa, nikachoka. Mei ikafika. Kilichobaki cha shukrani zangu ni ile santuri.

Sasa nisikilize. Sikunyimi. Zote ishirini na sita ziko sandukuni, meli itapita Alhamisi ijayo, na hiyo ya mfuko wa kaliko nimeiweka juu kabisa. Maka alisema niifiche nikuambie ilivunjika. Nikamwambia siwezi kumdanganya shangazi kwa kitu ambacho Baba alikitunza bila kumwaibisha mtu. Sioeli atalia na mimi nitambeba, kuota meno hakudumu mwaka.

Ninaomba tu uisikilize kabla ya nyingine zote. Kaa kwenye kiti kizuri. Hakuna ufagio, hakuna uwanja, kaka yako hayupo chumbani, hakuna wa kumwonea haya. Usikilize hadi mwisho. Ikifika inaporuka, usiipige gramafoni kofi, haijaharibika. Hapo ndipo kaka yako alipo.

Kisha amua. Ukiona ni yako, ibaki huko, na sitakuuliza tena hadi nife. Ukiona inirudie, basi nina sharti moja. Najua mtoto wa kaka hamwekei shangazi sharti, na Mama akisoma hapa atanitwanga, lakini nimeliandika na sitalifuta. Usiitume kwa meli. Usimpe mtu. Ije mkononi mwako. Tangu ulipokuja kututembelea mara ya mwisho, miaka kumi na moja hujakanyaga uwanja huu. Kwenye msiba mahali pako kichwani kwa marehemu alikaa binti wa binamu yako, akakaa vizuri, lakini kila mtu aliona si wewe. Magoti yako tutayabeba sisi. Kitanda cha Baba nimekitandika mkeka mpya.

Mama anakusalimu, anasema yule nguruwe mweusi hajachinjwa, anakungoja wewe. Maka anakusalimu, na Feleti na mke wake. Lupe anauliza kama huko kuna yule mtu aliyekanyagwa. Wasalimie binamu zangu wote, na majirani zako wa kanisani wanaokuletea supu.

Mungu akulinde unapolala na unapoamka, akupe magoti ya kupandia ndege.

Lile neno la redio, ule mstari tusiouimba, nilingoja redio iurudie nikauandika kwenye karatasi ili nijue tulichokuwa tunaruka. Ni kijana anamuaga msichana. Pale ndipo penye kwaheri. Kwa miaka kumi na minane Leimatu'a nzima imeimba wimbo wa safari usio na kwaheri, na hakuna aliyeona kasoro.

Kwa hiyo na mimi siiandiki. Kwetu hapo tunaruka.

Mtoto wa kaka yako akupendaye,

Kalolaine