Clifford Entwistle, Aliyetangulia Majeneza kwa Miguu

Mwaka umekwisha, baba, tangu ufumbe macho nyumbani Mtaa wa Alma, na hasira yetu haijapoa. Wengine huandika hapa gazetini, wakiwakumbuka wafu wao, kwamba muda umewatuliza. Sisi bado.

Kazi yako ilikuwa kuzika watu wa mji huu. Hukuwahi kumwita mtu "maiti". Ulimwita Bibi Hargreaves, Bwana Kershaw, hata ulipokuwa peke yako naye ukimchana nywele. Na kila jeneza lilipotoka nyumbani kwa mtu, ulilitangulia kwa miguu mpaka kona ya kanisa, kofia ndefu nyeusi kichwani, mvua inyeshe isinyeshe, gari likikufuata polepole. Wanaume njiani walisimama wakavua kofia zao.

Kisha wakaja watu wa televisheni na kipindi chao cha vichekesho kuhusu wazikaji. "Mzee Cliff, tuonyeshe tu unavyotembea. Heshima yako tutaitunza." Ukawaonyesha. Mama akawapa chai na keki. Wakauchukua mwendo wako wakampa mhusika wao mmoja mlevi, kila wiki anajikwaa na kutumbukia kaburini. Kichekesho chenyewe hakikuchekesha, kikafutwa kabla majira ya baridi hayajaisha. Huko London wamekwisha kukisahau, lakini mtaani kwetu hakikufa. "Babu, anguka basi tuone!" watoto walikuzomea, na baba zao, watu wazima na ndevu zao, wakipiga mluzi wimbo wa kipindi mlangoni mwa baa. Watu uliowazikia mama zao! Hawakuona haya.

"Niache kutembea, Edna?" ulimuuliza mama.

"Vaa kofia, Cliff. Aliyemo ndani ya jeneza haangalii televisheni."

Ukavaa. Ukatembea mpaka magoti yakakataa. Ulituomba jambo moja tu, nawe utanguliwe kwa miguu mpaka kona. Siku yako ilipofika, Norman, mdogo wako uliyemfundisha kazi ukamwachia na gari, alisimama mlangoni akasema, "Shemeji, tusitembee. Wakiiona hiyo kofia watacheka, na mimi nina biashara." Akaingia garini akawasha injini.

Mimi Doreen nikaitoa kofia yako msumarini. Iliniingia mpaka masikioni. Nikasimama mbele ya gari, nikaanza kutembea, naye Norman ikabidi anifuate polepole kama alivyokufuata wewe. Mluzi ulisikika pale baa. Sikugeuka, baba. Nilikufikisha kona.

Jumamosi hii tunatembea tena, kutoka mlangoni kwetu hadi kaburini kwako. Anayetaka kupiga mluzi apige, tutamtazama usoni.

Unakumbukwa na mkeo Edna, wanao Doreen na Keith, na wajukuu wako wote. Norman ameomba jina lake liwemo katika tangazo hili. Aje kwanza Jumamosi atangulie yeye, mbele ya baa. Kofia tutamwazima.

Daima tutakukumbuka, baba. Na waliokucheka pia tutawakumbuka.