Treni ya Pamba Iliyokwama Dutwa

Dada Minza,

Mwangaluka, dada. Niko dukani kwetu hapa Bariadi, nimekalia kiti chako. Kompyuta inaumwa. Asubuhi haiwaki mpaka niibembeleze. Kesho fundi anakuja kutoka Mwanza, na amesema dawa ni moja tu: kufuta kila kitu. Barua za wateja nimeshazinakili. Mchezo wako wa treni umekataa.

Tangu tukuzike mengi yamegeuka. Wanunuzi wa pamba wamejaa mjini, kila mmoja na mizani yake, wote wanataka kuchapiwa mikataba. Mama bado anajisahau, anakutengea ugali. Reli ndiyo hatuna, ila ile uliyoijenga mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta, Mwandoya hadi Bariadi, eti na sisi tusafirishe pamba kama watu. Uliondoka hujaona hata treni moja ikifika.

Zote zimekwama Dutwa, dada, kwenye makutano. Taa ya kusimamisha treni uliiweka katikati kabisa. Treni ya pamba ikiingia inasimama humo humo, mkia unaziba njia ya treni ya abiria. Nimeitazama wiki nzima bila kuigusa. Ndicho kitu cha mwisho ulichokiweka kwa mkono wako. Kukiondoa niliona kama kukuzika tena.

Leo nikamkumbuka baba kule lamboni, akinywesha ng'ombe. "Msiingize wengine, waliokunywa hawajatoka!" Na wewe kila siku unawaswaga wote kwa pamoja, ng'ombe wanasukumana matopeni, unacheka. Kumbe na reli uliifanyia yale yale! Nikataka kukutania kwa ile methali ya sikio la kufa. Nikaishia katikati. Nililia, dada.

Kisha nikaitoa taa, nikaiweka nje ya makutano. Jenereta ikakohoa, roho ikanipaa. Treni ya pamba ikasimama nje, ikangoja. Ya abiria ikatoka. Ya pamba ikaingia, ikapita.

Imefika Bariadi, dada. Imefika.

Kesho itafutwa, na bado naogopa, sikufichi. Lakini nakuahidi: mashine ikipona, reli ya kwanza nitakayoitandika ni hiyo yako, na taa ya Dutwa itakaa nje.

Nenda salama, dada. Njia iko wazi.

Mdogo wako,
Kabula