Doa Jeupe Kando ya Bawa

3 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Huko angani mnalala salama? Mama yako bado hatoki kitandani, chakula anaonja tu, ila ulimi uko palepale: ananiita mume wa darubini.

Sasa sikia. Ijumaa jioni kituo chenu kilipita juu ya ua wetu. Nilikifuata kwa darubini nikiisukuma kwa mkono, shingo nusura ivunjike, nikapiga picha mia nane. Moja imetoka! Kando ya bawa la kituo kuna doa jeupe. Ni wewe, uko nje kazini. Fundi miwani mimi, macho hayanidanganyi. Mama yako aliibusu, akasema, "Hata nikifa, nimemwona." Analala nayo. Nimewapa na watu wa gazeti.

Baba yako

9 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini hamjambo. Mimi mzima, ila umeniaibisha. Picha imefika huku, wenzangu wanacheka mpaka machozi. Siku hiyo sikutoka nje, nilikuwa nahangaika na choo kilichoziba. Doa hilo ni vumbi la kamera yako. Tazama picha ya mwezi uliyonitumia Januari: liko hapohapo. Fundi miwani mzima hukuliona? Mwambie Mama ukweli, na gazeti lisahihishe.

Mwanao

21 Machi

Shikamoo Baba,

Mbona kimya? Mama anaendeleaje? Niliandika kwa hasira, nisamehe. Kesho kutwa natoka nje kweli! Nitapita juu yenu saa kumi na mbili na nusu jioni. Mtoe Mama nje uani, mkalishe kitini. Nitawapungia mkono, wenzangu wacheke wakitaka.

Binti yenu

24 Machi

Marahaba.

Unajua barua zako nilimsomea mama yako kwa sauti, na alinikataza kuruka hata neno. Ile ya tarehe tisa nilianza kumsomea kabla sijaipitia. Nilipofika kwenye vumbi nikaikunja barua. Akasema, "Endelea, bwana." Nikaimaliza. Akaitoa picha chini ya mto, akanirudishia. "Kumbe sijamwona." Akageukia ukutani. Siku ya tatu tukamzika.

Sikukuarifu kwa sababu nilikuchukia. Sikufichi, bado nakuchukia.

Jana ulipopita, majirani walijaa uani kwangu kukupungia. Mimi nilikuwa chumbani nakunja nguo zake, dirisha nimelifunga. Darubini nimempa mwalimu wa sayansi. Usiandike tena, hakuna wa kusomewa.

Baba